Kongwa ni hazina ya diplomasia yetu, tusiiache ipotee

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa nafasi ya Tanzania duniani, wengi hupima nguvu ya nchi kwa vifaru na unene wa mfuko. Sibezi jeshi. Mimi ni wa rika lililosindikiza vijana wetu kwenda Kagera. Idi Amin alipotuvamia mwishoni mwa 1978 hakutolewa kwa maneno. Alitolewa kwa mtutu, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Gharama yake tuliilipa kwa miaka: foleni za sukari, za sabuni, za kila kitu.

Lakini ipo nguvu nyingine, ya ushawishi, ambayo msomi wa Marekani Joseph Nye aliipa jina mwaka 1990: kumfanya mwenzako avutwe na wewe bila kumtisha wala kumhonga. Hapa Kongwa, mkoani Dodoma, nguvu hiyo ilikuwapo kabla haijapewa jina. Kuanzia miaka ya 1960 wilaya yetu ilipokea wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine, pale pale Waingereza walipotelekeza mradi wao wa karanga. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alipita hapa, na Chris Hani wa ANC pia. Walikuja kujifunza bunduki, ni kweli, ila walipoondoka walibeba na Kiswahili, na wengine waliacha wake na watoto.

Mwaka juzi nilimkuta barabarani mzee kutoka Namibia akiwa na mjukuu wake. Kiswahili chake kilikuwa na kutu, lakini jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: "Mlenda bado mnapika?" Tulimpeleka nyumbani, akala ugali wa uwele na mlenda kwa mkono, taratibu, huku machozi yanamlenga. Hakuna pesa ya msaada inayonunua mapenzi ya namna hiyo. Kilichoniuma ni kwamba kijana wa bodaboda aliyemleta, mzaliwa wa hapa hapa, hakujua kambi ya wapiganaji ilikuwa wapi.

Agosti 2019 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliipokea lugha yetu kuwa lugha rasmi ya nne, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi. Wachina nao wanafundisha lugha yao pale Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye Taasisi ya Confucius, kwa sababu wanajua kinachofuata baada ya lugha. Sisi walimu wa Kiswahili tunao, wengine wamekaa nyumbani hawana ajira. Wapelekwe Windhoek, Luanda na Maputo.

Na kwa kuwa sasa Wizara ya Mambo ya Nje iko Dodoma, naomba kila balozi mpya aletwe Kongwa ndani ya mwezi wake wa kwanza. Yakarabatiwe makaburi ya wapiganaji, yawekwe mabango, na wazee walioishi na wapiganaji wale warekodiwe mwaka huu, kwa sababu tunawazika.

Mwalimu mstaafu,
Kongwa, Dodoma