Mjomba, dhahabu ya Kilwa nimeiona

Mjomba, shikamoo.

Natumaini magoti yamepungua kuuma na kwamba mvua za Kilwa Masoko mwaka huu zimekuwa za kiasi. Nakuandikia hadharani, si kwa ujumbe wa simu, kwa sababu habari hii si yetu sisi wawili tu. Ni ya darasa zima tuliovuka nawe kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, tukakaa kivulini karibu na Msikiti Mkuu, nawe ukatusimulia jinsi Wareno walivyoingia. Ulisema Vasco da Gama aliondoka na dhahabu ya Kilwa. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, iko wapi sasa?" Ulitazama bahari kwanza. Kisha ukajibu: "Iliyeyushwa. Na dhahabu ikishayeyushwa haina kwao."

Jibu hilo nimekaa nalo miaka yote hii. Juzi, hapa Lisbon, nimeona kwamba lilikuwa nusu ya kweli. Iliyeyushwa, ndiyo. Lakini kwao kumeandikwa juu yake.

Iko katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani, kwenye mwinuko unaotazama mto Tejo. Wanaiita Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Kimo chake ni sentimeta 73, karibu sawa na meza yako ya kusahihishia madaftari. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na juu kabisa ameketi Mungu Baba. Kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono waliopakwa rangi inayong'aa hadi leo. Sonara anayetajwa ni Gil Vicente. Siwezi kuipunguzia kazi yake sifa, Mjomba. Kazi ni nzuri mno, na uzuri wake ndio ulionifanya nishindwe kuondoka.

Kisha nikainama kusoma maandishi yanayozunguka kitako. Yanasema kwamba mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya parias za Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Jina la mji wetu limeandikwa QILVA, kwa tahajia ya enzi zile. Nililisoma mara tatu. Mlinzi wa chumba aliniangalia kwa wasiwasi, labda kwa sababu nilikuwa natokwa na machozi mbele ya kabati la kioo.

Parias ni mali anayotozwa mtawala mnyonge ili mwenye nguvu amwache. Ndilo neno lililochaguliwa. Halikuandikwa neno zawadi, wala biashara. Mwaka 1506 hawakuona haja ya kuficha. Lilikuwa jambo la kujivunia, likachorwa kwenye chombo kitakatifu.

Mengine ulitufundisha mwenyewe. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Gama alitia nanga mbele ya Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa mithkali 1,500 za dhahabu. Ukikadiria mithkali moja kuwa gramu 4 na kitu, ni zaidi ya kilo 6. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa kwetu, ilitoka bara, nchi ya Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, ikapanda pwani kwa majahazi hadi kwenye ghala za Kilwa. Kwa hiyo ndani ya lile kabati yumo pia mchimbaji wa bara ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Na malipo hayakuuokoa mji. Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alifika na kundi jingine la meli, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia. Wakati kazi ya sonara inamalizika hapa Lisbon, mji uliotoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuvunjwa milango.

Hilo la miaka kupishana hivyo sikuwahi kuliwaza hadi niliposimama pale.

Wageni wengi huanzia Belém, mtaa wa kando ya mto, na mimi nilianzia huko. Unapanda tramu namba 15, unashuka mbele ya monasteri ya Jerónimos, unajipanga juani. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga ikiwa mbele. Jiwe ni jeupe linaloelekea rangi ya asali, limechongwa kamba za meli, majani na matumbawe. Mafundi wetu waliochonga matumbawe halisi wangesimama kulitazama. Ukiingia kanisani, kaburi la Gama liko kushoto, la mshairi Camões kulia. Mwongozaji wa kundi lililonitangulia alieleza habari za viungo na ujasiri wa mabaharia. Kilwa hakuitaja, wala Mombasa, wala Malindi iliyompa Gama rubani wa kumfikisha India. Sikuwa na hasira na mfu aliyelala pale. Niliudhika kwamba nusu ya hadithi ilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, imeandikwa kwa dhahabu, na watu wale walikuwa wanarudi kwenye basi lao.

Mnara wa mabaharia ulio mtoni, ule wa mwaka 1960, niliuona kwa dakika kumi. Zilinitosha.

Usidhani mji huu sikuupenda. Unapendeka, na umeteseka pia. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda mtoni, kisha moto ukala mji siku kadhaa. Ikulu ya wafalme iliyokuwa kando ya mto ikatoweka pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyopokea mizigo ya Mashariki. Mahali pake sasa ni uwanja mpana wa Praça do Comércio, ingawa wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu. Monstransi ilipona kwa sababu haikuwepo ikulu. Manuel aliiacha kwa wosia iwe mali ya watawa wa Belém, na Jerónimos haikuanguka.

Huko juu Carmo wameliacha kanisa moja kama tetemeko lilivyoliacha. Matao yamesimama, paa hakuna, anga ndiyo dari. Nilipoingia, miguu yangu ilidhani niko Kisiwani. Nilikaa kwenye jiwe nikala chungwa, kama tulivyokuwa tukifanya.

Na lugha, Mjomba! Ungefurahi. Mgahawani nikasikia mesa, kwenye jengo la serikali inapepea bandeira, dukani wanauza lenço, na kwa fundi nikaona debe la parafuso. Kila kanisa kibao kinasema igreja. Neno hilo liliondoka hapa likiwa kanisa, kwetu likawa gereza, na ndilo jina la ngome inayokupokea ukishuka mashuani Kisiwani. Nilivyokuwa mtoto sikuona ajabu yoyote katika jina hilo. Sasa kila nikipita mbele ya igreja nalifikiria.

Mtaa wa Alfama jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji ya moto, maana Waislamu waliutawala mji huu hadi mwaka 1147. Bibi mmoja aliyekuwa akianika nguo dirishani alinieleza njia ya kushuka mtoni, akamalizia kwa "oxalá" mvua isinyeshe. Nikamjibu inshallah. Hakujua kwamba maneno yetu ni ndugu.

Kuna mahali pawili ambapo sitaki ukija upapite. Kwanza ni mtaa wa Poço dos Negros, si mbali kwa miguu kutoka makumbushoni. Jina lake maana yake ni Shimo la Weusi. Mwaka 1515 huyo huyo Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa mjini, kwa sababu ilikuwa inaachwa ovyo bila kuzikwa. Leo ni mtaa wa kawaida, una mikahawa. Nilisoma Fatiha, nikaendelea na safari. Pa pili ni uwanja mdogo wa São Domingos. Pana jiwe la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na umati Aprili 1506, mwaka ule ule wa monstransi. Na hapo hapo, jioni, ndugu zetu wa Guinea-Bissau wanakutana, wamekaa kwenye kingo za mawe, wanauza na kupeana habari za nyumbani. Sikuelewa Krioli yao, lakini mama mmoja alinisogezea nafasi nikae bila kuniuliza natoka wapi.

Sasa ombi langu. Nimepiga picha ya yale maandishi, herufi moja moja, na nitaituma kwa mtoto wako aichapishe kwa ukubwa. Najua umestaafu, lakini najua pia kwamba walimu wa pale bado wanakuita watoto wakipelekwa Kisiwani. Ichukue. Atakapotokea mmoja wa kuuliza dhahabu iko wapi, mwonyeshe, na umsomee neno QILVA kwa sauti. Wako watakaouliza kwa nini hairudi, au kwa nini angalau haijaletwa Kilwa siku chache watu wakaiona. Mimi ningetaka iletwe. Waache waulize, na maswali yao yaandikwe, maana siku moja wataandika barua kwenye makumbusho haya kwa Kireno kizuri kuliko changu.

Na wewe mwenyewe njoo. Nimekwisha kuongea na binamu kuhusu nauli. Mji una vilima na mawe yake ya njiani huteleza yakilowa, kwa hiyo leta viatu vyenye soli ya mpira, na tutapanda tramu badala ya kutembea. Hatutaanzia Belém. Tutaanzia Janelas Verdes asubuhi, kabla makundi hayajafika, nami nitakuazima miwani yangu ya kusomea. Usichague Jumatatu tu. Jumatatu wanafunga.

Mpwa wako.