Mwalongo, izime hiyo amplifaya

Uyole, Mbeya
6 Julai

Ndugu yangu Mwalongo,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Najua na wewe Njombe unatetemeka, kwa hiyo hatutapeana pole. Sisi wazima, mama Neema anakusalimu, viazi tumeshatoa shambani na bei ni ya kulia tu.

Nakuandikia kwa sababu nina deni kwako. Unakumbuka ulipopewa ile amplifaya ya mjomba wako, ile nzito ya bati jeusi, ukaniuliza kama ukimaliza kusikiliza uizime au uiache? Nikakujibu kifua mbele: "Iache, kitu cha umeme kinakufa wakati wa kuwashwa." Juzi uliponipigia ukasema LUKU haifiki tarehe 20, na shemeji anailaumu pasi, nilinyamaza. Ulidhani mtandao umekata. Nilikuwa natafuta pa kuficha uso.

Maana ya kwangu nimeshaiua kwa ushauri huohuo.

Ilianza kwa kuguna. Ukiiwasha bila wimbo wowote, spika zinatoa mmmmm kama nyuki ndani ya gogo. Nikahangaika na waya wa erthi wiki nzima, wapi. Nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja pale Mwanjelwa. Alipofungua mfuniko, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mabawa ya mende, makavu, yamejaa kama pumba. Mende wa Uyole naye anasikia baridi, na mimi nilikuwa nimemjengea nyumba yenye joto usiku na mchana. Juu ya amplifaya, unajua mwenyewe, kulikuwa na kitambaa cha kufuma cha mama Neema, na juu ya kitambaa alikuwa analala paka. Matundu yote ya kupumulia yamezibwa. Kapasita zile mbili kubwa, vikopo vya kutunzia umeme, ambazo vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa, zilikuwa zimetuna kama maandazi.

Fundi akauliza, hii huwa inazimwa saa ngapi? Nikamwambia haizimwi. Akanitazama, akaitazama, akasema: "Bosi, hii umeipika."

Akanielekeza, nami nakupa kama nilivyopewa. Umeme wa ukutani ni wa hezi 50, yaani unacheza mara 50 kwa sekunde. Ukishageuzwa ndani ya amplifaya kuwa DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, unabaki na mawimbi ya hezi 100, na kazi ya kapasita zile ni kuyasawazisha. Zikichoka, mawimbi yanapita mpaka kwenye spika, ndio huo mguno. Kinachozichosha ni joto. Ubavuni pameandikwa nyuzi 85, na kapasita nyingi za aina hiyo hutengenezwa zidumu kama saa 2,000 kwenye joto hilo. Kila ukishusha nyuzi 10, umri unaongezeka mara mbili hivi. Sasa chukua boksi ambalo ndani limefika nyuzi 55: unapata kama saa 16,000. Ni nyingi, eti? Mwaka una saa 8,760. Anayeiacha usiku na mchana anazimaliza kabla ya mwaka wa pili kwisha. Anayesikiliza saa tatu kila jioni anavuka miaka 14. Haimaanishi saa ya mwisho ikifika inalipuka, inachoka tu polepole, na ya kwangu ilinivumilia kwa miaka minne. Lakini hesabu ndiyo hiyo.

Nilipoirudisha nyumbani na kapasita mpya, nikataka kujua na upande wa pesa. Usiku nikazima kila kitu, friji, taa, hata chaji za simu, nikaiacha amplifaya peke yake, imewashwa, sauti sifuri. Nikatoka na blanketi na kikombe cha chai, nikakaa chini ya mita. Kwenye mita yangu, karibu na kile kitaa chekundu, pameandikwa 1000, maana yake kikipepesa mara elfu moja umekula uniti moja. Kikapepesa. Nikasubiri. Nikadhani umeme umekatika. Kikapepesa tena, kama dakika moja na nusu imepita. Saa nzima nimekaa pale, malori ya Tunduma yananipita barabarani, mama Neema kafungua dirisha mara mbili kuuliza kama nina akili timamu. Nilihesabu 42.

Arobaini na mbili kwa saa ni wati 42. Kwa siku ni uniti moja, kwa mwezi 30. Elfu kumi ya LUKU inanipa uniti 28. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa nalipa elfu kumi na ushee kumpasha paka joto. Na kama wewe bado uko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, ya kutozidi uniti 75 kwa mwezi, basi ujue zaidi ya theluthi yake inaliwa na amplifaya isiyopiga hata wimbo mmoja. Pasi ya shemeji haina kosa.

Nijitetee kidogo. Maneno yale niliyapata kwa mzee mmoja aliyekuwa akitunza mitambo ya kurushia matangazo, na kwa mitambo yake yalikuwa kweli: ile haizimwi, ina mapangaboi makubwa, na kuna mtu wa zamu anaiangalia. Na ni kweli pia kwamba dakika ya kuwasha ni ngumu. Kapasita zikiwa tupu zinaunywa umeme kwa pupa, kwa kipande kidogo cha sekunde, ndiyo maana transfoma inashtuka na fyuzi nyingi hukatikia hapohapo. Lehemu nayo, ikipata joto na kupoa, kupata joto na kupoa, mwisho inapasuka nyufa usizoziona. Lakini kuwasha mara moja jioni ni mara 365 kwa mwaka, na swichi nzuri hutengenezwa ibonyezwe maelfu ya mara.

Halafu huku kwetu hoja yangu ile ya kuiacha inajikwaa yenyewe. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, tena ule wa kurudi, kuondoka na kurudi, amplifaya yako imezimwa na kuwashwa mara mbili wewe ukiwa umelala. Ule mshtuko niliokuambia uuepuke, unaupata wote, na kwa umeme ambao bado haujatulia. Bora uiwashe kwa mkono wako. Na ya zamani kama ya mjomba, isiyo na kinga ya spika, transista ya mwisho ikijishoti DC yote inakwenda kwenye koili ya spika. Ukiwepo utasikia harufu, utachomoa. Usipokuwepo, utakuta moshi.

Wapenzi wa sauti watakuambia haiimbi vizuri mpaka ipate moto. Kuna ukweli, ila nusu saa inatosha. Mimi naiwasha nikirudi kazini, mpaka ugali umeiva nayo iko tayari. Nawasha kwanza redio au kile kinachopiga muziki, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume, amplifaya kwanza, la sivyo spika zinapigwa lile "tuf!" linaloamsha mtoto. Ukiizima kwa bahati mbaya usiiwashe palepale, hesabu sekunde kumi.

Novemba mvua zikianza, kuzima hakutoshi. Radi iliyosafiri kilomita nzima hewani haishindwi na upenyo wa milimita chache ndani ya swichi. Chomoa plagi, chomoa na waya wa antena. Hapo Njombe sina haja ya kukueleza radi ni nini.

Uliniuliza pia kuhusu sabufa ya binti yako. Hizo za kisasa mara nyingi hazina neno, zikiwa zimetulia zinakula wati chache, na kwa rimoti zinalala na kataa kao kekundu kwenye nusu wati au moja. Mimi hata hiyo naichomoa, lakini huo ni ubahili wangu. Ukikutana na amplifaya ya vali, zile chupa za kioo za zamani zinazowaka kama taa, ndiyo usiiache kabisa: vali za mwisho hudumu saa elfu chache tu, na kuzipata siku hizi ni kutafuta sindano kwenye majani.

Nakuja huko mwezi ujao kufuata mbao. Nitabeba kapasita mbili na lehemu, tuifungue ya mjomba tuone vichwa vya kapasita zake. Kabla sijafika, kaa chini ya mita yako saa moja unitumie namba. Vaa koti. Na kwa shemeji nitakuja na mchele wa Kyela, umwambie ni wa nani na ni wa nini, mimi sitaweza kumwangalia.

Wako,
Baba Neema