Mwandishi wa tamthilia naye apewe msimu wake

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niwasemee waandishi wa tamthilia tulioko huku Kusini.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilayani Mtwara. Naandika usiku. Minada ikianza Oktoba siandiki hata mstari, maana magunia yanaingia mpaka giza na hesabu za stakabadhi hazilali. Nikirudi kwenye daftari Februari, wahusika wangu wamenikimbia. Kazi inakuwa kuwatafuta upya.

Mwaka jana tulianza kukutana watu sita, Jumamosi baada ya alasiri, kwenye baraza ya jirani yangu hapa Mikindani: mwalimu, mvuvi, vijana wawili wa bodaboda, mama mmoja mshonaji na mimi. Kila mtu anapewa mhusika, tunasoma kwa sauti. Tamthilia yangu ni ya mjane anayeuza korosho kangomba, yaani kwa magendo nje ya chama, kabla ya msimu, kwa bei ya kuonewa, ili mwanawe apate sare za shule. Nilimwandikia mistari kumi na moja ya kumlalamikia mnunuzi. Mama mshonaji ndiye aliyemsoma mjane. Alifika mstari wa tatu akanyamaza, akalaza karatasi magotini.

"Karani, mtu anayekwenda kuuza kangomba hasemi yote haya. Anapitia uani, anatua beseni, anatazama pembeni mpaka ahesabiwe hela yake."

Misimu tisa nimekaa nyuma ya mizani, nawaona wanaoleta magunia mchana kweupe. Ya uani sikuyajua. Nilifuta mistari yote. Sasa mjane anaingia, anatua beseni, basi. Jumamosi iliyofuata mvuvi aliomba turudie ukurasa ule.

Faida ya kikundi cha uandishi nimeiona hapo. Lakini mvua ikinyesha hatukutani, na kutoa nakala sita za kurasa arobaini kunakula hela ya kitoweo.

Wenzetu wameliwekea jambo hili utaratibu. New York wana New Dramatists, iliyoanza 1949. Mwandishi akichaguliwa anakuwa mwenyeji pale miaka saba bila kulipa chochote, ana mahali pa kuandikia na waigizaji wa kumsomea kazi ingali mbichi. Jimbo la Minnesota wana Playwrights' Center tangu 1971, inayotoa ufadhili ili mwandishi apate kula huku anaandika.

Sisi tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, nao unakopesha. Mkopo unamfaa mwenye studio au bendi. Mwenye tamthilia ambayo haijaisha atarejesha kwa kitu gani? Tuzo nazo nazipenda, ila zinamfikia mtu amekwisha kumaliza. Aliyekwama onyesho la pili hazimwoni.

Na mambo ya kuandika Kusini hayajapata kupungua. Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa mkoa wa Lindi, na tamthilia yake Kinjeketile ya 1969 ni habari ya Majimaji, vita iliyowaka 1905 kwenye vilima vya Umatumbi. Yeye alisomea sanaa ya maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa na jukwaa na wenzake wa kuigiza. Kijana wa Nachingwea mwenye kipaji kama hicho leo ataisomea wapi kazi yake, na nani amsikilize?

Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Naziomba zitenge kidogo humo: posho ya miezi sita, Februari hadi Julai, kwa mwandishi mmoja wa Mtwara na mmoja wa Lindi, na chumba chenye meza, taa na mlango unaofungika. Sharti liwe moja, kwamba tamthilia isomwe mbele ya watu kijijini kwa mwandishi kabla haijaenda popote. Wazee wa kule watasema palipo na uongo.

Sisi tunaendelea na Jumamosi zetu. Mwenye kurasa zake aje nazo, hata kama ni tatu, mkeka upo.

Karani wa mizani,
Mikindani, Mtwara