Wito wa Harambee: Tumfikishe Binti Yetu Maabarani London

Wapendwa washirika, wazazi, majirani, na wana wa Voi mlio mbali na nyumbani, Bwana asifiwe.

Kamati ya Elimu ya kanisa letu inawaandikia kuomba mchango wenu kwa ajili ya binti yetu, mhitimu wa kemia na mwalimu wa watoto wetu wa shule ya Jumapili, aliyepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha London. Karo na posho ya kujikimu zitalipwa na ufadhili alioupata kwa bidii yake mwenyewe. Kilichobaki ni gharama ambazo ufadhili haugusi: ada ya viza, nauli ya ndege, na ada ya afya ambayo serikali ya Uingereza humtoza mwanafunzi wa kigeni, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa yote kwa mkupuo kabla viza haijatolewa. Kwa masomo ya miaka 4 ada hiyo peke yake inapita pauni 3,000, na mama yake huuza nyanya sokoni.

Wengi mmetuuliza anakwenda kusomea nini. Alipotueleza ukumbini baada ya ibada, hakutumia ubao. Alichukua kamba ya mkonge iliyosokotwa kwa nyuzi mbili, akasema hivyo ndivyo DNA, kemikali inayobeba maagizo ya urithi, ilivyo ndani ya seli zetu, kama wanasayansi Watson na Crick walivyoieleza mwaka 1953. Kisha akaifumua katikati, akashika uzi mmoja, akaukunja huku na huku mpaka ukasimama vidoleni mwake kama kifundo chenye nguzo nne. Mzee wetu mmoja, aliyekata mkonge maisha yake yote, aliomba akishike mwenyewe, akakigeuzageuza kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kifundo hicho wataalamu hukiita kwadrupleksi ya G. DNA huandikwa kwa herufi nne za kemikali, A, C, G na T, na kifundo hutokea pale ambapo herufi G, yaani guanini, zimefuatana kwa wingi: guanini nne hushikana zikafanya mraba, miraba ikapangana mmoja juu ya mwingine, na chembe za potasiamu zikaishikilia katikati. Ncha za kromosomu zetu, yaani vifurushi vya DNA ndani ya seli, ambako mfuatano wa TTAGGG hurudiwa tena na tena, zinaweza kujikunja hivyo, na vilevile sehemu inayoongoza jeni ya MYC, ambayo ikizidisha kazi yake huchochea saratani nyingi. Mwili una vimeng'enya vya kufumua vifundo hivi ili DNA inakiliwe bila kukwama. Kimojawapo huitwa FANCJ, na mtoto aliyerithi kasoro katika jeni yake kutoka kwa baba na mama huweza kupata ugonjwa wa Fanconi, unaodhoofisha uboho unaotengeneza damu.

Ugumu umekuwa ni kuviona vifundo hivi. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge chini ya Shankar Balasubramanian walitumia kingamwili, protini inayonata kwenye kitu maalumu, kuvionyesha ndani ya seli za binadamu, lakini seli hizo zilikuwa zimekwisha kukazwa kwa kemikali na hazikuwa hai tena, ilhali kifundo ni kitu cha kufungwa na kufumuliwa. Mwaka 2015 kundi la Imperial College London, ambamo wamo Ramon Vilar na Marina Kuimova, lilieleza molekuli iitwayo DAOTA-M2, inayopenya ndani ya seli hai na kung'aa. Kwetu sisi hapa ndipo penye uzuri wa kazi hii: hawategemei ukali wa mwanga, kwa sababu ukali hubadilika kulingana na kiasi cha molekuli kilichoingia katika seli, bali hupima mwanga unadumu muda gani baada ya molekuli kupigwa na leza, muda unaohesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Molekuli iliyoshikamana na kifundo hukawia kuzima kuliko ile iliyoshikamana na kamba ya kawaida, na kwa tofauti hiyo hadubini huchora ramani ya seli ingali hai.

Binti yetu anakwenda kutengeneza molekuli nyingine za aina hiyo, na shauku yake ni kuzielekeza siku moja kwa kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. DNA ya kimelea hicho ina G chache, lakini mifuatano inayoweza kujikunja imeonekana karibu na baadhi ya jeni za var, zile zinazokiwezesha kubadilisha vazi lake na kuikwepa kinga ya mwili. Hatuwaahidi dawa, wala yeye hakuiahidi. Alituambia wazi kwamba molekuli nyingi atakazozitengeneza hazitafanya kazi, na kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sisi tuliofiwa na watoto kwa malaria tunaitaka kazi hiyo ifanywe, na ifanywe na mtu wetu pia.

Lengo letu ni shilingi 800,000. Familia na jumuiya ndogondogo zimekwisha kutoa 310,000. Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya ibada ya pili, na asiye na fedha taslimu alete kuku, mayai, mahindi au mbuzi, tutanadi papo hapo. Walio mbali watume kupitia mweka hazina wa kanisa, wapokee risiti. Hesabu zote zitasomwa mbele ya washirika Jumapili inayofuata, na kitakachozidi kitawekwa kwa ajili ya mwanafunzi atakayemfuata.

Kamati ya Elimu, Voi