Yule ni ndege, si maiti

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita ulieleza makosa yanayoonekana ndani ya The Wizard of Oz, sinema ya watoto ya Marekani iliyotoka mwaka 1939. Niliusoma wote, kwa kuwa sinema hiyo naijua vizuri. Ndiyo inayotazamwa nyumbani kwangu hapa Mkomani, Lamu, kila likizo wajukuu wanapojaa na watoto wa jirani wakaongezeka. Mengi mliyoandika ni kweli. Lakini katikati ya hayo mmeingiza jambo moja ambalo si kosa la sinema wala halijapata kutokea: kwamba Dorothy, yule msichana ambaye sinema inamhusu, na wenzake wawili wanapoondoka msituni, nyuma kule kwenye miti anaonekana mtu amejitia kitanzi, naye ni mmoja wa waigizaji wa kimo kifupi. Naomba nafasi nilijibu hilo.

Kilichoko pale ni ndege. Msitu ule ulijengwa ndani ya studio ya MGM, na ili uonekane una uhai waliazima ndege kadhaa kutoka bustani ya wanyama ya Los Angeles wakawaachia watembee humo. Mmoja wao ni mkubwa, wa jamii ya korongo, na ndiye anayeonekana kwa mbali akitanua bawa, akilikunja, akigeuka. Kwenye kanda za video za zamani picha ilikuwa na ukungu, na bawa likifunguka gizani mtu aliweza kulifanya chochote alichotaka. Kwenye nakala safi za siku hizi ndege ni ndege. Tena kipande hicho cha msituni kilipigwa kabla ya vile vya kijiji cha Munchkin, yaani wale watu wadogo walioigizwa na waigizaji wa kimo kifupi, nao wakiwa bado hawajaanza kazi. Huyo aliyejinyonga alitoka wapi?

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona linavyowafanya watoto. Binti wa jirani yangu, yuko gredi ya nne, alioneshwa kipande hicho kwenye simu. Kilikuwa kimepunguzwa mwendo, kimezungushiwa duara jekundu, kikatiwa na muziki wa kutisha. Akawa halali peke yake, na mamake akaja kuniuliza mbona nawaonesha watoto sinema yenye maiti. Nilimwambia, "Mwanangu, keti tuitazame pamoja." Tukakaa mkekani na watoto wote, nikafika pale msituni, nikarudisha nyuma, nikapeleka mbele polepole. Sikuwaeleza lolote. Aliyekata shauri alikuwa mtoto wa mvuvi, ambaye maji yakipwa haachi kwenda matopeni upande wa mikokoni: "Ni ndege yule! Tazama, ananyoosha bawa na kurudisha." Binti akasogea hadi karibu na kioo, akaomba irudiwe, ikarudiwa. Mamake akavuta pumzi. Ningependa watoto wengine wanaosomewa gazeti lenu nao wapate nafasi hiyo.

Halafu kuna heshima ya wale waigizaji. Walikuwa zaidi ya watu 100, wengi wao walikusanywa na Leo Singer, aliyekuwa na kikundi cha maonyesho. Waliimba, walicheza, walivaa mavazi mazito chini ya taa kali mno, kwa maana kamera za rangi za zama zile zilitaka mwanga mwingi. Mwanzoni mwa sinema hawakuandikwa jina mmoja mmoja, waliandikwa kama kikundi. Jerry Maren, yule anayemkabidhi Dorothy peremende kubwa, aliishi hadi 2018 akiwa na umri wa miaka 98. Watu hawa waliwafurahisha watoto wa vizazi vinne, na sisi tunachopokezana juu yao ni kitanzi. Si haki.

Wala hatuna haja ya kuzua msiba, kwani yaliyowapata watu katika kazi ile yanajulikana. Buddy Ebsen ndiye aliyeanza kuigiza Mtu wa Bati, mmoja wa wenzake Dorothy. Alipakwa unga wa alumini usoni, ukamwingia mapafuni, akalazwa hospitali, nafasi yake ikachukuliwa na Jack Haley. Margaret Hamilton, aliyecheza mchawi mbaya, aliungua uso na mkono mnamo Desemba 23, 1938, alipokuwa akitoweka kwa moto na moshi pale kijijini, akakaa wiki kadhaa nje ya kazi. Mambo hayo yote yameandikwa na kusimuliwa na wenyewe. Mtu angekufa studioni mbele ya kamera, habari ingezuiliwaje ilhali hata kuungua mkono kulijulikana?

Sasa nije kwenye makosa ya kweli, ambayo mwandishi wenu ameyaita uzembe. Hapo pia sikubaliani naye. Ni kweli nywele za Dorothy, anapozungumza na ile sanamu ya kuwinga ndege shambani, zinarefuka na kufupika. Mara mikia miwili imeishia juu ya mabega, mara imeshuka chini yake, mara imepanda tena, na mazungumzo ni yale yale. Wajukuu wangu wa kike waliliona hilo kabla sijawaonesha, maana wao ndio wanaosukwa na wanajua nywele haziwezi kukua katikati ya maneno. Lakini sinema haipigwi kama inavyotazamwa. Kipande kinapigwa leo, kingine baada ya siku nyingi, kisha vinaunganishwa. Na sinema hii ilipita mikononi mwa waongozaji kadhaa. Richard Thorpe alianza Oktoba 1938 na Dorothy akiwa na nywele bandia za rangi ya dhahabu, akaondolewa. George Cukor akaja kwa muda mfupi, akaamuru zile nywele za bandia na rangi nyingi za usoni ziondoke. Victor Fleming akaongoza sehemu kubwa, naye akaitwa kwenda kuongoza sinema nyingine, King Vidor akamalizia. Vile vipande vya mwanzo vya Kansas, nyumbani kwao Dorothy, hata ule wimbo wa upinde wa mvua, Vidor ndiye aliyevipiga mwishoni mwishoni. Katika kazi ya namna hiyo, fundi wa nywele akikosea kipimo cha vidole viwili, mimi simwiti mzembe.

Mkia wa Simba, mwenzake Dorothy mwingine, unavutwa na uzi kutoka juu, na uzi huo unaonekana. Viatu vyekundu vya Dorothy vinageuka vyeusi kwa kitambo kidogo pale miti inapowarushia matofaa. Sawa. Lakini kwa nini msiwaambie wasomaji pia yale yaliyofanywa vizuri kiasi kwamba hakuna ajuaye? Kile kimbunga kinachobeba nyumba ni kitambaa, soksi ndefu ya melimeli ya futi 35 hivi, iliyokuwa ikizungushwa huku vumbi likipulizwa. Mjukuu wangu mkubwa nilipomweleza hakuniamini, na baada ya kuamini aliitazama sehemu ile tena kwa heshima kubwa zaidi.

Na kosa ninalolithamini kuliko yote mmelipa mstari mmoja tu! Nimefundisha hesabu shule za msingi hadi kustaafu, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Karibu na mwisho, ile sanamu ya shambani, yule wa majani makavu aliyetaka ubongo, anapewa cheti. Anaweka kidole kichwani na kutamka kwa kujiamini kwamba jumla ya vipeuo vya pili vya pande mbili zozote za pembetatu yenye pande mbili sawa ni sawa na kipeuo cha pili cha upande uliobaki. Maneno yanatiririka, muziki unapanda, na hesabu yote ni makosa. Kanuni ya Pythagoras inahusu pembetatu yenye pembe mraba, haihusu ile aliyoitaja. Inataka upande uzidishwe kwa wenyewe, haitaki kipeuo. Na si pande mbili zozote, ni zile mbili zinazokutana kwenye pembe mraba.

Watoto niliwapa rula na karatasi. Wakachora pembetatu ya sentimita 9, 9 na 4. Vipeuo vya pili vya namba hizo ni 3, 3 na 2. Tatu na tatu ni sita, si mbili. Tatu na mbili ni tano, si tatu. Kila upande waliojaribu ulikataa. Kisha tukachora ya 3, 4 na 5, wakazidisha: 9 na 16 zikawa 25, na 25 ndiyo tano mara tano. Mmoja wao, babake fundi mwashi, akasema babake hupima hivyo hivyo kwa kamba anapotaka kona ya chumba inyooke. Hakuna somo nililowahi kulifundisha darasani likaingia upesi hivyo, na limetokana na kosa la sinema. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sinema yenye makosa haifai watoto. Kosa linaloonekana mtoto analikamata mwenyewe, analipima, analithibitisha. Uzushi wa maiti hauna cha kupima. Unamwachia hofu tu, na wakati mwingine hata ushahidi wenyewe ni wa bandia, kwa maana zipo nakala zinazozunguka kwenye simu ambazo zimechezewa kwa kompyuta ili ndege aondolewe na mtu awekwe.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, chapisheni sahihisho kwenye ukurasa ule ule wa Jumamosi, kwa herufi za ukubwa ule ule, mseme wazi kwamba yule ni ndege. Pili, mkiendelea na makala za namna hii, na ningefurahi mkiendelea, kila kosa liandikwe pamoja na dakika linapotokea, ili mzazi aweze kusimamisha picha na kutazama na wanawe kabla ya kumpelekea jirani.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu