Barua ya wazi kwa mabinti wanamichezo: mnaomposti Billie Jean King, ikumbukeni na ile dola 1

Hamjambo wanangu. Shangazi yenu naandika sababu naona mnavyomposti Billie Jean King, yule mchezaji tenisi wa Marekani, na nimefurahi kwa kweli, sio wengi wa umri wenu wanaomjua mama yule. Ila karibu kila posti ni ileile mechi ya Septemba 20, 1973, uwanja wa Astrodome mjini Houston, alivyomfunga Bobby Riggs, mwanaume aliyewahi kuwa bingwa wa tenisi, 6-4, 6-3, 6-3 mbele ya watu zaidi ya 30,000. Mechi ilikuwa kubwa, sibishi. Riggs alikuwa na miaka 55, mwezi wa tano alishamfunga Margaret Court, bingwa mwingine wa kike, na alikuwa anazunguka anatangaza kwamba mwanamke hamuwezi mwanaume hata mwanaume akizeeka, kwa hiyo Billie Jean alijua akifungwa yeye aibu watabebeshwa wanawake wote. Lakini kama kweli mnataka kumuenzi rudini nyuma miaka mitatu.

Mwaka 1970 kuna mashindano ya Los Angeles mshindi wa kiume aliwekewa dola 12,500, wa kike dola 1,500. Wanawake wakalalamika, wapi, hakuna aliyewasikiliza. Basi wachezaji 9, Billie Jean na Rosie Casals wakiwemo, wakagoma wakaenda Houston kwenye mashindano yaliyoandaliwa na Gladys Heldman, mama mwenye jarida la tenisi, na kila mmoja akasaini mkataba wa dola 1. Dola moja! Ipo picha yao maarufu wameinua zile noti juu, itafuteni muiangalie vizuri, maana hao watu walishaambiwa watafungiwa na chama cha tenisi cha Marekani na kweli wakafungiwa. Wawili kati yao, Judy Dalton na Kerry Melville, walikuwa wametoka Australia, mbali na kwao kabisa, na wakasaini vilevile. (Mdhamini wao alikuwa kampuni ya sigara, hilo mi silisifii, lakini ndo aliyetoa pesa wakati wengine wamewapa mgongo.) Mwaka uliofuata tu Billie Jean akawa mwanamichezo wa kwanza wa kike kupata zaidi ya dola 100,000 kwa msimu mmoja.

Ninachotaka mkishike hapo ni kwamba walikuwa 9. Angesaini peke yake wangesema huyu ana tamaa ya pesa, yakaishia hapo.

Alafu Juni 1973, siku chache kabla ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, akawakusanya wachezaji zaidi ya 60 kwenye hoteli moja London, akamwambia Betty Stöve, Mholanzi mmoja mrefu mwenye nguvu, funga mlango mtu asitoke mpaka tuwe na chama. Wakatoka humo na WTA, chama cha wachezaji wa kike ambacho kipo mpaka leo. Mimi hiyo habari ya mlango naipenda kuliko ushindi wake wowote, na ana mataji makubwa 39 yule. Sababu nyie nawajua, mkikutana mnaongea vizuri sana, uchungu upo, hoja zipo, alafu saa ya kukubaliana mmoja ana simu, mwingine anawahi, mwingine anasema tutaongea kwenye grupu. Na kwenye grupu hamuongei.

Jambo lingine, yule mama alikuwa anataja namba. Kwenye US Open ya 1972, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani, alichukua ubingwa akalipwa dola 10,000, Ilie Nastase bingwa wa wanaume akalipwa 25,000. Hakusema tu tunaonewa. Alisema pengo ni hili, lisipozibwa mwakani sirudi, na akahangaika mwenyewe kutafuta mdhamini wa kuliziba, na 1973 US Open ikalipa sawa. Wimbledon wao walikuja kukubali 2007, miaka 34 baadaye, baada ya mchezaji Venus Williams naye kuwasimamia kidete. Kwa hiyo msije mkakata tamaa kwa sababu ya msimu mmoja.

Na msidhani alipita bure. Mwaka 1981 uhusiano wake na mwanamke ulipoanikwa hadharani kupitia kesi, wadhamini karibu wote walimkimbia ndani ya siku moja. Nawaambia hili sababu kati yenu kuna atakayesemwa vibaya, iwe nyumbani, iwe na kocha, iwe mtandaoni, na siku hiyo wenzake ndo wanatakiwa waonekane upande wake, sio kumtumia meseji za pole kwa siri.

Basi wiki hii kaeni. Mtu mmoja aandike timu ya wavulana wanapata nini na nyie mnapata nini: saa za uwanja, nauli, jezi, kocha anayelipwa na anayejitolea, daktari siku ya mechi, posho. Msikadirie, ulizeni, na mtu akikataa kuwajibu andikeni kwamba amekataa. Alafu chagueni moja, lile linalowaumiza zaidi, mlipeleke kwa uongozi kwa maandishi mkiwa na tarehe ya kujibiwa. Na barua isainiwe na wote, mpaka anayekaa benchi, kapteni asiachwe na jina lake peke yake pale chini.