Risala ya wanakikoba kwa mgeni rasmi, siku ya kuvunja mzunguko

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, wazazi na nyie mliowahi viti vya plastiki kabla havijaisha, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Sisi wanakikoba tupo 28, tunakutana kila Jumapili saa 10 jioni chini ya mwembe wa mama mwenyekiti na leo tunavunja mzunguko, yaani tunagawana akiba ya mwaka mzima. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, kwahiyo mheshimiwa ukiona tunachelewa kufungua usishangae, mmoja bado yuko kwenye daladala.

Kwenye hisa hatulingani kabisa, kuna wa hisa moja na kuna wa hisa tano kila wiki, ila mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na misiba, wote ni buku, mwenye duka la jumla buku na dada wa vitumbua buku, na noti ya huyu dada unaijua hata ukifumba macho maana inanukia mafuta ya kukaangia. Mwaka mzima hajaruka hata wiki moja. Wa hisa tano msiniangalie hivyo, daftari la madeni analo katibu.

Mheshimiwa hatusemi maskini ana roho nzuri kuliko tajiri, hapana, tunao wachoyo wa kila saizi hapa. Dada wa vitumbua anatoa kwasababu akiugua kesho hana bima, atarudi kwenye mfuko huohuo, anajua zamu yake ipo njiani. Mwenye bima, gari na geti hana zamu kwetu, ndo maana akitoa anahesabu ni msaada na asipotoa anaona hajamkosea mtu. Kwenye msiba wa juzi mmoja wao alituma laki kwa simu, Mungu ambariki, mchele ulinunuliwa, ila waliolala kwenye mkeka siku tatu na kukuna nazi ni walewale.

Sasa tuje kwenye harusi, kadi ya dabo laki na watu wanakopa hapahapa kikobani wakalipe, halafu mwalimu mkuu akitaja mchango wa choo tunamwambia elimu bila ada tangu 2016, serikali inatoa. Hili tumelisema wote, wa geti na wa chumba kimoja. Na kiwango kinataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, wewe pita pale kengele ya mapumziko ikilia uone foleni, vitoto vya darasa la kwanza vimebana miguu vinarukaruka.

Yupo wa geti mmoja alishusha mifuko 10 ya saruji usiku akakataza tusimtaje. Leo yupo hapa anajifanya anasoma simu. Ahsante mzee wetu.

Kwenye mgao wa leo kila mmoja amekubali kukatwa elfu 10 ya choo cha shule, jumla 280,000. Mheshimiwa tunajua risala bila kuomba hela haijakamilika, na ukitoa hatutakataa, ila tunachokuomba hasa ni Jumamosi saa 1 asubuhi, kuna msaragambo wa kuchimba shimo la choo, uje na wenzako wa kule juu barabara ya lami. Majembe yapo, chai ipo, vitumbua tumeshaagiza na safari hii tunavilipia.

Naomba kuwasilisha.